Je, wajua kwa nini Gil hakubaki zamani mwishoni mwa filamu ya Midnight in Paris?

Jibu langu la miaka mingi, nililokuwa nikiligawa hata bila kuulizwa, lilikuwa hili: Gil ameamka. Safari zake zote za usiku zilikuwa njozi za mwandishi aliyechoshwa na mchumba wake, na mwishoni akili imemrudia, akaachana na mambo ya kale. Nilikosea mara mbili.

Kwa ambaye hajaiona: ni komedi ya Woody Allen ya mwaka 2011. Gil, mwandishi wa filamu wa Hollywood, yuko Paris na mchumba wake Inez. Saa sita usiku Peugeot ya zamani humchukua na kumpeleka miaka ya 1920, kwa waandishi kina Hemingway na Gertrude Stein.

Kama ni njozi, shajara ya Adriana, mwanamke anayekutana naye huko, imetoka wapi? Gil anaikuta kwa wauza vitabu kando ya mto Seine, mchana kweupe, na jina la Gil limo ndani. Halafu yupo mpelelezi aliyekodiwa na baba yake Inez amfuatilie Gil: anapotea njia na kuibukia kwenye kasri la Versailles enzi za wafalme, walinzi wakimfukuza. Njozi ya mtu mmoja haimmezi mtu mwingine.

Kosa la pili, la kudhani ameachana na ya kale, ndilo lenye utamu. Adriana, binti wa miaka ya 1920, haoni la ajabu katika miaka hiyo. Anatamani ile ya 1890. Gari la farasi linawafikisha huko, na pale Moulin Rouge, ukumbi wa dansi, wanawakuta wachoraji Toulouse-Lautrec, Gauguin na Degas, ambao nao wanalalamika kwamba zama zao ni tupu, afadhali zile za Renaissance, mwamko wa sanaa wa Ulaya wa karne za kale zaidi.

Ni mazigazi. Jua la mchana likiwaka, barabarani mbele yako unaona maji yanameremeta. Ukifika ni lami kavu, na maji yamehamia mbele. Hayakukimbia, yalitokana na umbali wako tu. Tena mtu aliyesimama pale, akigeuka kukutazama, huenda akayaona maji miguuni pako. (Hapo mfano wangu unapwaya kidogo: kwenye filamu hii wote wanatazama nyuma, hakuna anayetamani zama za Gil.)

Adriana anaona maji, anabaki. Gil anaona lami, na hoja yake inachekesha: aliwahi kuota yuko kwa daktari wa meno asiye na dawa ya ganzi.

Lakini je, ameyaacha ya kale? Hata kidogo. Ni Stein anayemfikishia swali la Hemingway aliyesoma riwaya ya Gil: vipi mhusika mkuu haoni kwamba mchumba wake ana mwanamume mwingine? Gil anarudi, anamuuliza Inez, Inez anakiri. Uchumba unavunjika, Gil anaamua kuishi Paris, na anayekutana naye usiku ni Gabrielle, muuza vitu vya kale aliyemuuzia santuri ya Cole Porter, mtunzi wa nyimbo wa zama zile. Ya kale anayo bado, ila kwenye gramafoni, si kama anwani ya kuhamia.

Inawezekana Gabrielle naye ni mazigazi. Ushahidi ni haba, maana filamu inakatika wakiwa ndio kwanza wanaanza kutembea mvuani, mvua ambayo Inez hakuitaka kabisa. Ni saa sita usiku, na Peugeot haijaja.