Diwali si "Krismasi ya Wahindu": dhana potofu tunazowapa watoto

"Diwali ni Krismasi ya Wahindu."
Anayesema hivi kuhusu Diwali, sikukuu ya taa, ana nia njema, ila anampotosha mtoto mapema. Krismasi ina kisa kimoja. Diwali ina visa kadhaa, na hutegemea umezaliwa wapi. Kaskazini mwa India taa huwashwa kukumbuka mwana wa mfalme Rama, anayeabudiwa kama mungu, alivyorejea mji wake wa Ayodhya baada ya miaka 14 uhamishoni. Kusini, wengi husimulia mungu Krishna alivyomwangamiza zimwi Narakasura, na watoto huamshwa kabla ya jua kuchomoza, wakapakwa mafuta na kuogeshwa. Bengal, usiku huo ni wa mungu wa kike Kali. Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya India, nao humkumbuka mwalimu wao mkuu Mahavira, na Masingasinga hukumbuka kiongozi wao wa dini, Guru Hargobind, alivyoachiliwa kutoka ngome ya Gwalior.

Basi mwalimu, mtoto wa Kihindu akileta kisa kisichofanana na cha kitabuni, usimsahihishe. Muulize bibi yake husimuliaje. Tena kwa familia nyingi sherehe ni ya siku tano, na ya mwisho ni Bhai Dooj: dada humpaka kaka yake alama kwenye paji la uso na kumwombea maisha marefu. Mtoto wa miaka mitano hushika hilo upesi kuliko hotuba yoyote kuhusu nuru na giza.

"Tarehe zake huhamahama kama Idi."
Huhama, lakini si kama Idi. Kalenda ya Kiislamu hufuata mwezi peke yake, ndiyo maana Idi huzunguka majira yote. Ya Kihindu huchanganya mwezi na jua: miezi 12 ya mwandamo hupungukiwa na siku kama 11 kufikia mwaka wa jua, na pengo hilo huzibwa kwa kuongeza mwezi mzima takriban kila baada ya miaka mitatu. Kwa hiyo Diwali haitoki Oktoba na Novemba, na huwa usiku ambao mwezi hauonekani. Holi, sikukuu ya kurushiana rangi, huja mwezi ukiwa mpevu, mara nyingi Machi. Makar Sankranti, sikukuu ya mavuno, hufuata jua, hivyo haibanduki tarehe 14 au 15 Januari.

"Wahindu huabudu udongo."
Hapa Ganesh Chaturthi, sikukuu ya Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo, inafundisha vizuri. Sanamu ya Ganesha huletwa nyumbani, na kwa sala mungu hukaribishwa ndani yake kama mgeni. Hupewa maua na modak, andazi la mvuke lenye nazi na sukari guru. Baada ya siku moja na nusu, au hata kumi, huagwa kwa sala na sanamu huzamishwa majini, udongo ukayeyuka. Mtoto atauliza mbona ametupwa. Hajatupwa, amesindikizwa: watu wa Maharashtra humwambia kwa sauti kuu arudi mapema mwakani.

"Sikukuu zote za Kihindu ni kelele na taa."
Nyepi, siku ya ukimya ya Wahindu wa kisiwa cha Bali, Indonesia, ni kinyume kabisa: hakuna taa, hakuna safari, na hata uwanja wa ndege hufungwa kwa saa 24.

"Visa hivi vinatisha mno."
Katika kisa cha Holi, Holika, dada wa mfalme, huungua moto, ni kweli. Lakini mtoto aliyezoea hadithi za zimwi hatakosa usingizi kwa hilo. Kwa wadogo sana anza na rangi za Holi. Moto unaowashwa mkesha wa Holi na kisa cha Prahlada, mtoto aliyekataa kumwabudu baba yake mfalme, vitasubiri wakue.

"Kufundisha sikukuu ni kuhubiri dini."
Inategemea unachowafanyisha. Kuchora rangoli, yaani mapambo ya sakafuni, kwa unga wa mchele ni sanaa, kila mtoto anaweza kushiriki. Kumsimamisha mtoto wa dini nyingine mbele ya madhabahu azungushe taa ya aarti, yaani taa ya kumtukuza mungu, ni ibada, na hilo wazazi wake waulizwe kwanza. Darasani sema "Wahindu huamini". "Tunaamini" mwachie mzazi Mhindu aseme nyumbani kwake.