Muuguzi mgeni na kazi yake ya kwanza hospitalini Lubumbashi

Wauguzi vijana waliosomea Zambia, Tanzania au Burundi hufika katika chuo chetu na lalamiko lilelile: diploma wanayo, lakini hospitali hazijibu barua zao. Ninapofungua bahasha zao, mara nyingi naona sababu kabla hawajamaliza kueleza.

Waajiri wa Kongo humpanga muuguzi kwa ngazi: A2 ni wa shule ya sekondari, A1 ni aliyemaliza miaka 3 ya chuo, na A0 ni mwenye lisansi, yaani shahada. Diploma ya Ndola au ya Kigoma haitaji ngazi hizo, na mkuu wa wauguzi hana mamlaka ya kukisia, hata kama miaka ya masomo inalingana. Kwa hiyo kwanza omba ulinganifu wa diploma katika wizara ya elimu ya juu, ukiambatanisha tafsiri ya Kifaransa ya mfasiri aliyeapishwa, kisha ujiandikishe katika Ordre ya wauguzi, chombo cha kitaaluma kinachowasajili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Asiye raia atahitaji pia kadi ya kazi ya mgeni, na hiyo kwa kawaida mwajiri ndiye anayeishughulikia, jambo linalowafanya baadhi ya waajiri wasite. Kama bado hujaondoka nchini ulikosomea, iombe shule yako orodha ya saa za staji (mafunzo ya vitendo), wodi kwa wodi, yenye muhuri. Kuifuatilia ukiwa ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa ni kazi ya miezi.

Wengi huanzia Sendwe, hospitali kubwa ya Serikali ya hapa, kwa kuwa ndilo jina wanalolijua. Lakini utumishi wa Serikali wenye namba ya matrikule (namba ya usajili wa mtumishi) ni wa raia wa Kongo, na hata raia wenyewe wapo wanaofanya kazi miaka mingi bila mshahara wa Serikali, wakitegemea prime, yaani posho inayotokana na malipo ya wagonjwa. Mgeni ana nafasi nzuri zaidi katika hospitali za makanisa, kliniki za binafsi na vituo vya afya vya makampuni ya madini, ambako Kiingereza chake kinaweza hata kuwa faida.

Huenda ukaambiwa uanze kwa staji isiyolipwa. Kubali, ila kwa maandishi: muda, wodi, jina la msimamizi, na cheti mwishoni. Kwa maoni yangu miezi 3 inatosha kumjua muuguzi. Nimekutana na waliozungushwa mwaka mzima kwa neno "subiri kidogo".

Kinachowaangusha wengi zaidi, hata hivyo, ni karatasi iliyoning'inia kitandani. Muuguzi mmoja aliyesomea Zambia aliletwa kwa jaribio asubuhi, wakati wa makabidhiano ya zamu, yale tunayoyaita remise et reprise. Kwenye fishi, yaani karatasi hiyo ya mgonjwa, paliandikwa "TA 15/9" (shinikizo la damu) na "glycémie 110" (sukari ya damu). Alinyamaza kwanza, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kama mashine ya sukari imeharibika, kwa maana alikofunzwa sukari ya 5 au 6 ndiyo ya kawaida, na 110 karibu haionekani kamwe kwa mtu aliye hai. Hakuwa na kosa. Kule hupima kwa milimoli kwa lita, hapa kwa miligramu kwa desilita, na ukigawanya 110 kwa 18 unapata 6.1. Vivyo hivyo, 15/9 ni 150/90, kwa sababu wengi wetu huandika shinikizo la damu kwa sentimita za zebaki. Anayechanganya vipimo hivi mbele ya sindano ya insulini anaweza kuua mtu, ndiyo maana wasimamizi hulitazama jambo hili kabla ya lingine lolote. Omba fishi tupu katika kituo cha afya cha mtaani kwako, ujizoeze kuijaza kwa Kifaransa, pamoja na vifupisho vya dawa na njia za kuitoa, kabla hujapeleka barua hata moja.

Kwa anayetoka Tanzania, Kiswahili kitakusaidia kwa mgonjwa, si kwa daktari. Mgonjwa atakuambia "kichwa inaniluma". Usimsahihishe, andika "céphalée" kwenye fishi, umuulize imeanza lini.