Mjusi hayupo Tendaguru, na wala si mmoja

Juzi tena. Mgeni wangu kashuka garini, kazungusha macho kilimani Tendaguru, huku Lindi ninakotembeza watu, kauliza: "Sasa mjusi mwenyewe yuko wapi?" Mjusi huyo, yaani dinosaria, yuko makumbusho ya Berlin, Ujerumani, jamani! Tena kabla mtu wa pili hajaniuliza lini tunamrudisha "yule mjusi mmoja", ngoja niseme.

Yule si mjusi mmoja. Kiunzi cha Giraffatitan, dinosaria mwenye shingo ndefu, kilichosimamishwa Berlin mara ya kwanza 1937 na leo kina kimo cha mita 13.27, kimeungwa kwa mifupa ya wanyama kadhaa. Mkia wa huyu, sehemu kubwa ya miguu ya yule. Pingili za mgongo mnazoziona ni za bandia, maana zenyewe ni nzito mno kuning'inizwa. Hata kichwa kilichoko juu ni nakala. Na kiunzi hicho ni sehemu tu ya shehena yote: kati ya 1909 na 1913, enzi za Wajerumani, zilitoka hapa zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe yake, Kentrosaurus, dinosaria wa miiba, akiwemo. Zilibebwa vichwani na mabegani, mwendo wa siku kama nne mpaka bandari ya Lindi, na watu ambao vita vya Majimaji vilikuwa vimewaishia juzi tu. Wageni wanamjua Janensch, mtaalamu Mjerumani aliyeongoza uchimbaji. Boheti bin Amrani, aliyesimamia wachimbaji, hawajapata kumsikia. Kwa hiyo anayesema "mrudisheni" aseme anadai nini: kiunzi, au maboksi ya mifupa yaliyoko stoo huko? Mimi mwenyewe sijaamua. Kuna siku nayataka yote, kuna siku nakumbuka barabara yetu wakati wa masika, nanyamaza.

Kosa la pili linatokana na sinema. Watu wanatarajia jangwa, mbavu zimechomoza mchangani. Tendaguru ni pori, kama kilomita 60 kaskazini-magharibi ya Lindi mjini, na mashimo ya Wajerumani yamefunikwa na nyasi. Anayekuja kutazama kiunzi atasema hakuna kitu. Anayeinama ataona. Kwenye makorongo, baada ya mvua kukokota udongo, hutokea vipande vyenye vitundu vidogovidogo kama sifongo. Kiguse kwa ncha ya ulimi: mfupa wa kale hunata. Wageni hucheka, kisha wote wanalamba. Ila baadhi ya mawe nayo hunata, na mimi hukwama hapo mara nyingi kuliko ninavyokiri mbele ya mteja.

Ukishachoka kulamba, tafuta makombe. Ndiyo, ya baharini, huku porini! Kuna tabaka lililojaa Trigonia, kombe la vipande viwili kama la chaza. Miaka kama milioni 150 iliyopita hapa palikuwa pwani. Bahari ikipanda na kushuka, ndiyo maana matabaka yenye mijusi na yenye makombe yamepandana. Kwangu hilo linashinda kiunzi chochote, lakini sijawahi kuona mtu akilipigia selfi.

Usitie kipande mfukoni. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 ipo, na mimi pia nipo.

Mengine upesi: njooni kiangazi, Juni hadi Oktoba. Piteni ofisi ya kijiji kwanza, msijitie wenyeji. Maji ya kutosha, suruali ndefu, kwa sababu upupu hauna adabu. Mwenye gari dogo abaki mjini ale pweza, nitampigia picha za makombe nimtumie.