NO ya boda haina haraka, hadi ikutane na ozoni

Watu wengi wanadhani ile gesi mbaya ya naitrojeni inatoka ekzosi ikiwa tayari na rangi yake ya kahawia. Wapi! Ndani ya injini joto ni kali mpaka naitrojeni na oksijeni za hewa zinashikana, na kinachotoka kwa wingi ni NO (nitriki oksidi, naitrojeni moja na oksijeni moja), haina rangi, hata ukisimama nyuma ya teksi pale Old Taxi Park Kampala huioni. Ikiongezewa oksijeni ndo inakuwa NO2 (naitrojeni dioksidi), hiyo ya kahawia, hiyo inayowasha mapafu.

Sasa wanafunzi wakija maabara kwetu huuliza, kugeuka huko kunachukua muda gani? Inategemea NO iko nyingi kiasi gani, kwa sababu zinatakiwa molekuli mbili za NO na moja ya oksijeni zikutane pamoja. Pale stendi jioni kila hatua unagongana na mtu, lakini tembea barabara ya Karamoja, kule kaskazini mashariki mwa Uganda kwenye watu wachache, unaweza maliza saa nzima hujasalimia hata mmoja, sembuse wawili kwa mpigo. NO ikipungua mara 10, kasi inashuka mara 100. Kwenye chupa, ikiwa sehemu 1 kwa 10, kahawia inakuja kwa sekunde chache tu, ila ikiwa sehemu 1 kwa milioni, nusu yake kugeuka ni zaidi ya siku 2!

Halafu kuna kituko, riaksheni nyingi ukizipasha moto zinakimbia, hii inapunguza mwendo. NO mbili kwanza zinashikana kilegevu, joto likizidi zinaachiana kabla oksijeni haijafika.

Mbona basi NO2 ipo mtaani? Ni ozoni, gesi ya oksijeni tatu zilizoshikana. Yenyewe haingoji NO ya pili, ikiwepo sehemu 40 kwa bilioni tu, dakika 1 hivi NO nyingi imeshageuka (ila kwenye jam NO inaizidi ozoni, ozoni inaisha kwanza). Mchana jua linaivunja NO2 ndani ya dakika chache, NO inarudi, ozoni inazaliwa upya, zinazunguka hivyo hivyo. NO2 zinazokutana na haidroksili (OH, kipande cha molekuli chenye njaa ya kushikana na vingine) ndo zinatoka kwenye mzunguko zikiwa asidi ya nitriki, na hapo ni masaa mengi hadi siku, moshi wa asubuhi ushasafiri mbali, mvua ndo inaishusha asidi.

Radi nazo, na huku Ziwa Victoria tunazo za kumwaga, zinatengeneza NO ileile, kwa hiyo mvua yetu inabeba nitrati (inayotokana na hiyo asidi ya nitriki) hata kule ambako hakujawahi kupita boda.