Kuokoka si kuhamia mjini

Wageni wa kanisa wakifika Marsabit au Moyale huja na neno lile lile: Mborana, mfugaji wa huku kaskazini mwa Kenya na kusini mwa Ethiopia, akiokoka ataacha kuhamahama, ajenge karibu na kanisa, na hapo ndipo tutajua amebadilika. Si kweli, na dhana hiyo inaumiza watu.

Tuanze na maji. Kiangazi ng'ombe hunyweshwa kila siku ya tatu, na zamu ya kisima husimamiwa na abba herega. Kwenye visima virefu vya tula, kama vya Dubluk upande wa Ethiopia, vijana hupangana mmoja juu ya mwenzake, wakipokezana maji huku wakiimba, mpaka hori lijae. Akikosekana mmoja mstari unakatika, na ng'ombe wa jirani nao wanabaki na kiu. Zamu ikiangukia Jumapili, usimwandike mtu huyo mtoro. Yuko pale anapotakiwa kuwa.

Kwa hiyo mafundisho yaende olla, yaani kijijini, jioni, baada ya kukamua na ndama kufungiwa. Vijana walio fora, kwenye kambi za mbali za mifugo, wafuatwe huko huko, au wangojewe mvua za ganna, Machi hadi Mei, mifugo inaposogea nyumbani. Wasiosoma wafundishwe kwa masimulizi na nyimbo.

Linaloniudhi hasa ni jinsi tunavyoipuuza busa gonofa. Aliyefilisika kwa ukame hupeleka shida yake kwenye mkutano wa ukoo, na ukoo huamua nani atoe ng'ombe. Hiyo si sadaka. Ni haki yake, na kesho naye atatoa. Sasa mwongofu tuliyemshauri auze mifugo ahamie mjini hutoka humo taratibu: haonekani mikutanoni, hana cha kuchangia. Siku ya shida anabaki na mchungaji tu, na mchungaji ana gunia la mahindi, hana mitamba. Msaada ukiisha anarudi kwa ukoo, nasi tunatangaza kwamba amerudi nyuma. Kati ya 2020 na 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo. Katika hali kama hiyo, kumtenga mtu na ukoo wake ni kumwacha na njaa.

Mabadiliko yatafutwe zizini. Ukoo ukimwambia atoe, anatoa mtamba au ng'ombe mzee asiyezaa tena? Ng'ombe wakiibwa, kijana wa fora anathubutu kukataa kisasi huku wenzake wakimwita mwoga? Mume anamuuliza mkewe kabla ya kuuza ng'ombe anayemkamua?

Yapo yanayonikosesha usingizi. Buna qalaa, kahawa inayong'atwa ncha ikiwa na ganda lake, ikakaangwa kwa siagi na kutiwa maziwa, huambatana na dua ya mzee kwa Waaqa, jina la Mungu kwa Kiborana. Dua ya mvua na amani Mkristo aiitikie, sioni kosa. Lakini kahawa hiyo hiyo ikiandaliwa kwa ajili ya roho ziitwazo ayyaana ni jambo jingine, na mpaka baina ya hizo mbili siwezi kuuchora sawasawa kwa kila nyumba.

Gumu zaidi ni mwenye wake wawili. Kumwamuru amwache wa pili ni kumtoa mama huyo kwenye nyumba yake na kwenye maziwa yanayolisha wanawe. Mimi simwagizi hivyo. Ubatizo simnyimi, uzee wa kanisa simpi, ingawa kila mara mke wa kwanza akiniuliza sababu, jibu langu hunipungukia.