Kilo za lokidauni: tunayoyasema na ukweli wenyewe

Mimi wa Mji wa Kale, Mombasa, na ile Mei ya 2020 siisahau. Kenya nzima ilikuwa na kafyu, lakini sisi na wenzetu wa Eastleigh, Nairobi, tulifungiwa kabisa, kuanzia tarehe 6 Mei mpaka alfajiri ya tarehe 7 Juni hakuna kutoka hakuna kuingia, na Ramadhani ishafika kati, misikiti imefungwa, tarawehe twasali nyumbani, Idi nayo tukaila ndani. Mpaka leo tukikaa watu na mazungumzo yakaingia kwenye unene, hakosi wa kusema "mie hizi kilo nilizipata wakati wa korona", na hapo ndo yanafuata maneno mengi ambayo si kweli, na mengine yanamfanya mtu ajichukie bure. Hayo ndo yamenifanya niandike.

La kwanza ni hili la kwamba lokidauni ilinenepesha watu wote. Si kweli jamani. Mwaka 2021 chama cha wanasaikolojia cha Marekani kilitoa matokeo ya kuuliza watu wazima wa huko, asilimia 42 walisema wameongezeka uzito kuliko walivyotaka, lakini asilimia 18 walisema wamekonda bila kutaka. Hao wa pili hawatajwi kabisa. Na hapa kwetu hata huhitaji utafiti, hoteli zilifungwa, watu wa bichi hawana mgeni hata mmoja, mpagazi hana mzigo, mtaani kwetu kuna mama alikuwa akiuza viazi karai jioni, biashara yake ikasimama siku moja tu ivi, nilipomuona Juni buibui lilikuwa lamning'inia. Kwa hivo ukimuona mtu alipungua mwaka ule usimwambie mashallah umependeza, uliza kwanza.

Na hata wale walionenepa, mwili haukufura kwa wiki moja kama tunavyohadithia. Kuna watafiti wa California waliwafuatilia watu 269 wa Marekani wenye mizani zinazotuma vipimo kwa simu, wakakuta watu waliofungiwa waliongezeka kwa wastani wa gramu 270 kila siku 10. Hiyo ni chini ya kilo kwa mwezi, kitu ambacho ukijitazama kwenye kioo hukioni kabisa, na ukizingatia tulikuwa twashinda na madira na kanga nyumbani basi hakuna nguo ya kukubana ikakwambia kuna jambo.

Sasa dhana kubwa zaidi, hii ndo naisikia sana: "nilinenepa kwa sababu jimu zilifungwa." Wengi wanaosema hivi hawakuwa wakienda jimu! Mimi mwenyewe sijawahi kulipia jimu hata siku moja, na niliongezeka kilo nne. Ukweli ni kwamba tulichopoteza wengi ni kutembea, kule kutembea ambako hata hatukuita mazoezi. Hebu hesabu siku yangu ya kabla ya korona, asubuhi nateremka ngazi ghorofa mbili, naenda kwa miguu mpaka stejini, nikitoka kazini napitia Marikiti kununua mboga na nazi, nikifika nyumbani nakumbuka sikununua ndimu narudi tena, halafu usiku naenda kwa dadangu Kibokoni. Ikija Mei hivi vyote vikakatika, choo hatua kumi, jikoni hatua nane, kitanda pale pale. Na si mimi tu, kuna utafiti wa hatua uliochukua watu zaidi ya laki nne na nusu wenye programu ya kuhesabu hatua kwenye simu, nchi 187, ukakuta ndani ya siku 30 tangu WHO itangaze janga tarehe 11 Machi 2020 hatua zilipungua kwa asilimia 27, kama hatua 1,400 kwa kila siku. Italia zilishuka karibu nusu, Sweden ambako hawakufungia watu zilishuka kama asilimia 7 tu. Yaani mlango uliofungwa ndo ulioondoa hatua, si uvivu wa mtu.

Halafu kuna chakula, na hapa naomba mnisikize. Watu husema "mbona tulikuwa tumefunga, Ramadhani inapunguza." Hupunguza kidogo tu, na tafiti nyingi zimeona uzito huo hurudi ndani ya wiki chache baada ya Idi. Na futari yetu tunaijua, bajia, sambusa, kaimati za shira. Baada ya Idi nilifanya kitu sijawahi kufanya, nilipima mafuta kwa kijiko cha chakula kabla sijaanza kukaanga mahamri, nikapima tena yalipopoa. Mahamri ishirini, na vijiko kama kumi na mbili havipo. Vimeingia ndani. Kijiko kimoja cha mafuta kina kalori kama 120, kwa hivo kila hamri limekunywa kalori 70 za mafuta peke yake, bado unga, bado sukari, bado tui, na mimi nala matatu na mbaazi za nazi! Mtu wa kilo 70 akitembea nusu saa kwa mwendo wa kawaida anatumia kalori kama 130. Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini yule anayesema "nitakula tu halafu nitakimbia" kila siku anakimbia na bado mizani haishuki. Simwambii mtu aache mahamri, Mungu aniepushe, nasema tu tusiyadai mazoezi kazi ambayo ni ya sahani.

Zile za kujifunga nailoni tumboni ukaruka kamba nitapita haraka, jasho ni maji, ukinywa maji kilo imerudi, na kwa joto la Mombasa unaweza kuanguka. Ndimu na tangawizi ya moto nayo ni nzuri kwa koo ila haiyeyushi mafuta ya mtu. Kukaza tumbo mara mia kwa siku kutaupa nguvu msuli wa tumbo lakini mafuta ya juu yake hayatoki hapo kwa amri yako, mwili ndo unaochagua utoe wapi. Na hatua 10,000 si sheria ya daktari, namba hiyo ilianzia kwa kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, jina lake kwa kijapani ndo maana yake kipima hatua elfu kumi. Ukipata elfu sita ukazipata kila siku umefanya kazi kubwa sana.

Dhana nyengine, "nyumba yangu ndogo, sina pahali, sina vifaa". Aprili 2020 Uganda walikataza watu kukimbia makundi makundi barabarani, Rais Museveni akatoa video yuko miguu mitupu anakimbia kwenye zulia la ofisini kwake kisha anapiga pushapu, na umri wake ulikuwa miaka 75. Najua ofisi ya rais si chumba na sebule cha Kuze. Lakini Novemba mwaka ule ule WHO walitoa mwongozo mpya, dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na wakaondoa ile kauli ya zamani kwamba lazima uende dakika 10 mfululizo ndo zihesabiwe. Dakika tatu za ngazi zinahesabiwa. Kudeki kwa nguvu kunahesabiwa. Hili lilifaa litangazwe kwa kipaza sauti mitaani kama walivyotangaza barakoa.

Nimeiacha mwisho ile inayoniuma zaidi, "nimefanya mwezi mzima sijapungua hata kilo, haya mazoezi hayana faida, naacha". Nduguzanguni msiache. Huko California pia walitazama wagonjwa 48,440 wa korona, waliokuwa hawajishughulishi kabisa kabla ya kuugua walilazwa na kufa zaidi ya mara mbili kuliko waliokuwa wakitimiza dakika 150 kwa wiki, na hiyo ni baada ya kuzingatia umri, unene na magonjwa mengine. Utafiti wa aina hii hauwezi kuthibitisha kila kitu lakini mie wanitosha.

Mamangu ana kisukari, na tulipofungiwa nilikuwa na hofu naye usiku na mchana, maana kliniki yake ilikuwa nje ya vizuizi. Daktari kwenye simu akasema azunguke baada ya kula, msuli ukifanya kazi unavuta sukari kutoka kwenye damu. Basi ikawa kila baada ya futari nashika mkono wake tunazunguka sebuleni, kutoka mlangoni mpaka dirisha la barazani, dakika kumi na tano, yeye na tasbihi yake mkononi, akimaliza mzunguko anasogeza punje moja. Mara ya kwanza alikataa, "mimi mtu mzima nizunguke nyumba kama ng'ombe wa kinu?" Usiku mmoja hakuzunguka, kimashine cha kupimia sukari kikasoma 12. Kesho yake chakula kile kile, akazunguka, kikasoma 9. Akakichukua mwenyewe akakitazama kwenye taa, akanambia nipime tena.

Uzito wake mwezi mzima ule haukupungua hata nusu kilo. Mpaka leo akisha kula chakula cha usiku hunitupia macho, anachukua tasbihi na kusimama.