Muziki wa klasiki ndani ya makumbusho ya kale: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Ukisafiri Athens, Paris, Roma au New York, huenda ukaona bango mlangoni mwa makumbusho ya mambo ya kale: jioni hii kuna muziki wa klasiki, humo humo ndani, kati ya sanamu na nguzo. Wasafiri wengi hulisoma na kupita. Wapo wanaodhani shughuli ile ni ya wenye pesa, na wapo wanaoona ni pambo tu la kuvutia watalii. Mimi naamini wanajikosesha jioni ambayo ingekuwa bora kuliko zote za safari yao. Dhana nyingi zinazowazuia hazina msingi. Chache zina ukweli nusu, na hizo ndizo zinazostahili kuzungumzwa kwa kirefu.

"Muziki huu hauhusiani na vitu vilivyofukuliwa ardhini"

Unahusiana sana. Tuanze na Misri. Auguste Mariette, Mfaransa aliyefukua makaburi na mahekalu kwa miaka mingi na kuanzisha makumbusho ya Bulaq, Kairo, mwaka 1863, ndiye aliyebuni kisa cha opera ya Aida. Giuseppe Verdi, mtunzi wa Kiitaliano, alitunga muziki, lakini mavazi na mandhari ya jukwaani vilisimamiwa na Mariette, mtu aliyewahi kuyashika kwa mikono yake majeneza ya Wamisri wa kale. Leo kaburi lake liko kwenye bustani ya Makumbusho ya Misri, pale uwanja wa Tahrir.

Na kwa kuwa tumeitaja Aida, kuna jambo ambalo hata baadhi ya waongoza watalii hulirudia: kwamba opera hiyo ilitungwa kwa ajili ya kufungua Mfereji wa Suez. Sivyo. Mfereji ulifunguliwa Novemba 1869. Jumba jipya la opera la Kairo nalo lilifunguliwa mwezi huo huo kwa Rigoletto, kazi ya Verdi iliyokuwa imeshatimiza miaka 18. Verdi aliombwa atunge wimbo wa sherehe, akakataa. Aida ilioneshwa kwa mara ya kwanza tarehe 24 Desemba 1871, tena baada ya kucheleweshwa na vita: mavazi na mandhari vilikuwa vimekwama Paris, jiji likiwa limezingirwa na majeshi ya Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati ule.

Kisha kuna Delphi, Ugiriki. Mwaka 1893 wanaakiolojia wa Kifaransa walifukua mawe ya jengo linaloitwa Hazina ya Waathene, wakakuta yamechorwa tenzi mbili za kumsifu Apollo, mungu wa Wagiriki wa kale. Pamoja na maneno kulikuwa na alama za nota. Tenzi hizo huhesabiwa kuwa za mwaka 128 kabla ya Kristo. Haukupita mwaka mzima, Gabriel Fauré akaandika muziki wa kuusindikiza utenzi wa kwanza, ukaimbwa chuo kikuu cha Sorbonne, Paris, Juni 1894, kwenye mkutano ulioitishwa na Pierre de Coubertin. Mkutano huo ndio uliozaa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Fikiria njia iliyopitiwa: kutoka udongoni hadi kwa mtunzi mkubwa wa Ufaransa, hadi kwenye michezo inayotazamwa na dunia nzima. Mawe yenyewe yapo kwenye makumbusho ya Delphi, na ukisimama mbele yake unaziona zile alama ndogo zimepangwa juu ya mistari ya maneno.

"Nyimbo zinazopigwa pale ni za zama za zile sanamu"

Sivyo. Watunzi wa muziki huu ni wa juzi tu: Bach alifariki 1750, Mozart 1791, Beethoven 1827. Sanamu ya marumaru iliyochongwa Athens karne ya 5 kabla ya Kristo ilikuwa na zaidi ya miaka 2,000 Bach alipozaliwa. Kwa hiyo Bach yuko jirani nasi mno kuliko alivyo jirani na mchongaji yule.

Muziki wa Wagiriki wenyewe, ule ulioandikwa kwa nota, umesalia vipande sitini hivi tu, na vingi vimekatika katikati. Wimbo mkongwe kuliko yote uliosalia mzima ni ule wa Seikilos, uliochongwa kwenye nguzo fupi ya jiwe katika karne ya kwanza au ya pili baada ya Kristo. Ulipatikana karibu na Aydin, Uturuki, wakati reli ikijengwa, na habari zake zikachapishwa 1883. Baadaye nguzo hiyo ilikatwa chini ili isimame vizuri na kuwekewa chungu cha maua, na mstari wa mwisho ukaharibika. Siku hizi iko Makumbusho ya Taifa, Copenhagen. Ukisikia wanamuziki wametangaza "muziki wa Ugiriki ya kale," jua kwamba saa nzima haiwezi kujazwa na nyimbo zilizosalia peke yake. Sehemu kubwa itakuwa imejazwa na kukadiriwa, na wanamuziki waaminifu hulisema hilo kabla ya kuanza.

"Ukumbi wa mawe wenye dari ndefu huupendezesha muziki wowote"

Hapa ndipo watu hutoka wamekata tamaa bila kujua kosa liko wapi. Jiwe halinywi sauti. Mkeka, zulia, pazia na nguo za watu huinywa; marumaru na matofali huirudisha. Ukumbini mwa sanamu nota moja hubaki ikizunguka huku zinazofuata zimeshapigwa, zote zikachanganyika.

Elimu yenyewe ya jambo hili ilianzia kwenye makumbusho. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilifungua jumba la Fogg Art Museum, na ukumbi wake wa mihadhara ukashindikana kutumika: neno likitamkwa, sauti yake ilikaa zaidi ya sekunde 5 ndipo ipotee. Mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, akapewa kazi ya kutafuta dawa. Usiku, mji ukiwa umelala, yeye na wasaidizi wake walibeba mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani wa Sanders Theatre, wakaipanga kidogo kidogo, wakapima sauti inachukua muda gani kufifia, kisha wakairudisha kabla ya asubuhi. Kwa vipimo hivyo Sabine aligundua kanuni inayotumika mpaka leo: ukumbi ukiwa mkubwa sauti hukaa zaidi, na vitu vinavyonywa sauti vikiongezeka hukaa kidogo. Jumba la Symphony Hall la Boston, lililofunguliwa 1900, lilijengwa kwa ushauri wake. Katika kumbi nzuri za okestra sauti hukaa sekunde 2 hivi.

Maana yake kwa msafiri ni hii: soma orodha ya nyimbo kabla ya kununua tiketi. Kwaya inayoimba polepole, filimbi moja, chelo moja, muziki wa kanisani wa enzi za kati, vyote hivyo hupata uhai ndani ya mawe. Paris kuna Musée de Cluny, ambamo chumba cha maji baridi cha hamamu ya Kirumi bado kina kuba lake la kale, karibu mita 14 juu, na makumbusho hayo yana desturi ya kuandaa muziki wa enzi za kati. Humo sauti ya binadamu hujaa bila kipaza sauti. Lakini piano inayopigwa kwa kasi, au okestra nzima yenye ngoma na tarumbeta, ningekushauri uiache ukaisikilize kwenye ukumbi uliojengwa kwa ajili yake. Na popote uendapo kaa mbele. Wanaokaa nyuma husikia ukumbi kuliko wanavyowasikia wapigaji.

Kwenye magofu ya wazi mambo hugeuka, maana hakuna dari. Epidaurus, Ugiriki, ni ukumbi wa karne ya 4 kabla ya Kristo wenye uwezo wa kuchukua watu 14,000 hivi, na kila mgeni huambiwa kwamba sarafu ikidondoshwa katikati, aliye safu ya mwisho huitambua. Watafiti wa chuo kikuu cha Eindhoven walipima mwaka 2017. Mlio wa sarafu ulifika mbali, lakini aliye juu hawezi kutambua kwamba ni sarafu, na mnong'ono haueleweki huko. Sauti ya mtu aliyefunzwa kuipaza ndiyo iliyofika safu za mwisho ikaeleweka. Kwangu mimi hilo lina heshima zaidi kuliko hadithi ya sarafu, kwa kuwa linampa sifa mwigizaji. Maria Callas, mwimbaji mashuhuri wa opera, aliimba pale mwaka 1960 na 1961.

"Mlio wa fidla hauwezi kudhuru jiwe lililodumu miaka 3,000"

Fidla nne hazitadhuru kitu, hilo ni kweli. Ila makumbusho hayaogopi fidla. Yanaogopa umati na vipaza sauti. Mwaka 2013, Makumbusho ya Manchester, Uingereza, yaligundua kwamba sanamu ndogo ya Mmisri aitwaye Neb-Senu, yenye urefu wa sentimita 25 hivi, inageuka yenyewe ndani ya kabati la kioo. Magazeti yakaandika laana ya Firauni. Mtaalamu alipopima akakuta ni mtikisiko wa magari barabarani na nyayo za wageni, na chini ya sanamu hapakuwa tambarare. Kama nyayo zinaweza kuzungusha jiwe, spika kubwa za besi je?

Roma walijifunza hilo kwenye magofu ya hamamu za Caracalla. Opera ilianza kuoneshwa hapo 1937, ikasimamishwa miaka ya 1990 kwa hofu ya kuyaharibu magofu, ikarudi 2001 jukwaa likiwa limetengwa na kuta za kale. Ukikatazwa kuingia na kinywaji, au kuegemea nguzo wakati wa mapumziko, usione unanyanyaswa. Pumzi za watu mia mbili katika chumba kimoja zinatosha kubadilisha unyevu wa hewa, na mbao za kale, ngozi na pembe huuhisi unyevu huo kabla yetu.

"Ala zilizo kabatini hutolewa zikapigwa"

Zamani ziliwahi kutolewa. Tarehe 16 Aprili 1939, BBC ilirusha kutoka Kairo sauti ya tarumbeta mbili za Firauni Tutankhamun, moja ya fedha na moja ya shaba, zilizokuwa kaburini zaidi ya miaka 3,000. Mpigaji alikuwa mwanajeshi wa Uingereza, James Tappern, na alitumia mdomo wa tarumbeta ya kisasa. Rekodi ipo na inasisimua, lakini leo hakuna mtunza makumbusho mwenye akili timamu atakayeruhusu. Bati la fedha jembamba kiasi kile haliwezi kuhimili shinikizo la pumzi na mdomo wa chuma usio wake. Mnachosikia siku hizi ni nakala zilizotengenezwa kwa vipimo vya zile za asili. Hata siwa za pwani yetu, zile baragumu kubwa za pembe na za shaba zilizopulizwa mbele ya watawala wa Pate na Lamu, zinastahili kutunzwa hivyo hivyo.

"Ni mambo ya matajiri waliovaa suti"

London, Oktoba 1939, vita vimeanza, michoro ya makumbusho ya sanaa ya National Gallery imeondolewa kufichwa, kumbi zote za muziki zimefungwa. Mpiga piano Myra Hess akaomba ruhusa ya kupiga mchana katika jumba lile tupu. Kiingilio: shilingi moja. Makarani, askari na wauguzi walijipanga foleni. Ilikuwa ipigwe mara chache, ikadumu mpaka 1946, karibu maonesho 1,700. Desturi ya muziki kwenye makumbusho kama tunavyoijua ina deni kubwa kwa mwanamke yule, na ilianza kwa watu wa kawaida.

Siku hizi pia bei huwa ya wastani, na mara nyingine hakuna bei kabisa. Ugiriki, usiku wa mbalamwezi ya Agosti, makumbusho na magofu mengi hufunguliwa bila malipo, na baadhi huwa na muziki. Nguo safi inatosha. Katazo unaloweza kukutana nalo Athens ni la viatu: kisigino chembamba hakiruhusiwi kwenye ukumbi wa kale wa wazi wa Herodes Atticus, kwani hutoboa marumaru. Chukua mtandio au koti, maana mawe hubaki na baridi hata nje kukiwa na joto. Aliye Muscat ajue kwamba Royal Opera House, iliyofunguliwa 2011, ina masharti ya mavazi yanayofuatwa kweli kweli; lakini ile ni nyumba ya opera, si makumbusho.

Kuhusu makofi, msikilizaji wa taarabu aliyezoea kuinuka katikati ya wimbo kwenda kumtunza mwimbaji huuona ukimya wa pale kama adhabu. Desturi ya sasa ni kusubiri kazi yote iishe, hata ikiwa na sehemu tatu au nne. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Julai 1778 Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris, kwa furaha, kwamba watu walipiga makofi katikati ya sehemu ya kwanza ya simfoni yake, yaani kazi ndefu ya okestra. Kwa hiyo ukikosea ukapiga mapema, Mozart asingekununia. Fuata tu wenyeji.

"Tiketi ya muziki hukuruhusu kuzunguka makumbusho yote"

Mara nyingi hairuhusu. Vyumba vingine hufungwa jioni, walinzi hubaki kwenye ukumbi wa onesho peke yake, na wakati wa mapumziko hutaruhusiwa kupanda ghorofani. Uliza tiketi inahusu nini kabla ya kulipa. Ushauri wangu ni kuingia mchana, uyaone mawe kwa mwanga wa jua, ujue hadithi yake, kisha urudi jioni. Makumbusho ya Metropolitan ya New York huandaa muziki mbele ya hekalu la Dendur, lililojengwa Nubia, kusini mwa Misri, takriban miaka 15 kabla ya Kristo. Misri ililitoa kwa Marekani mwaka 1965, kama shukrani kwa msaada wa kuokoa mahekalu yasizamishwe na bwawa la Aswan. Aliyesoma habari hiyo mchana, jioni atakaa mbele ya lile hekalu akijua Nubia iko wapi, maji ya bwawa yalifika wapi, na mawe yale yalifikaje ng'ambo ya bahari.